Mmea wa Mtungi na Sanduku la Daktari Ward

Ndugu msikilizaji, katika nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na Japani, pembeni mwa sebule, utakuta sanduku la kioo lenye taa juu yake. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni tangi la samaki. Ukisogea karibu utaona halina maji wala samaki, bali limejaa ukungu, na ndani ya ukungu huo unaning'inia mtungi mdogo mwekundu wenye kifuniko. Mtungi huo haukufinyangwa na mtu. Umeota kwenye ncha ya jani, na kazi yake ni kunasa wadudu na kuwala.

Juma hili nataka tuulizane swali moja. Mmea huo kwao ni milima na misitu ya nchi za joto, hasa kisiwa cha Borneo. Umefikaje sebuleni, maelfu ya maili kutoka kwao, na nauli ya safari hiyo imelipwa na nani?

Kwanza tuujue wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Nepenthes, lakini mimi nitauita mmea wa mtungi. Ncha ya jani lake hurefuka ikawa kama kamba, kisha hupinda juu na kuvimba, mpaka ikawa chombo chenye mdomo na kifuniko. Mdomoni mna utomvu mtamu. Mdudu huja kuramba, na kwa kuwa mdomo huo huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni, mara huanguka ndani. Chini kuna maji yenye vimeng'enya vya kuyeyusha nyama, sawa na vile vilivyomo tumboni mwetu. Mdudu huyeyuka, na mmea hufyonza supu hiyo.

Kwa nini mmea uhangaike hivyo? Kwa sababu udongo wake ni maskini. Mmea huu huota kwenye mawe, mchanga, vinamasi na vilele vya milima ambako mvua imekwisha kuosha rutuba yote. Mimea mingine hukimbilia mashambani kwenye mboji. Huu umejifunza kuishi pasipokuwa na chakula kwa kukitega hewani.

Aina zake zinazojulikana leo zinapita 170, na nyingi ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino. Bara la Afrika halina hata moja. Lakini majirani zetu wa baharini wanazo: Shelisheli wana aina moja, juu ya mawe ya visiwa vya Mahé na Silhouette, na Madagaska wana mbili. Kwa kweli, habari za mmea huu zilianza kusomwa Ulaya kutoka hapo Madagaska.

Mwaka 1658, Mfaransa mmoja aitwaye Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa kituo cha Wafaransa kusini mashariki mwa kisiwa hicho, alichapisha kitabu juu ya Madagaska. Humo alieleza mmea wenye vyombo vyekundu na vya manjano, vyenye vifuniko, ambavyo baada ya mvua hujaa maji. Akaongeza jambo moja: wenyeji walikuwa hawapendi kuvichuma, wakisema kwamba mpita njia akikichuma, siku hiyo haitakosa kunyesha mvua. Flacourt akaandika kwamba yeye na Wafaransa wenzake walivichuma, na mvua haikunyesha. Tuiweke habari hiyo kando, tutairudia.

Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 1737, Mswidi Linnaeus, yule aliyepanga majina ya mimea na wanyama wa dunia, aliupa mmea huu jina la Nepenthes. Ni jina la dawa katika hadithi za kale za Wagiriki, dawa iliyotiwa katika divai ili wanywaji wasahau huzuni zao. Alitaka kusema kwamba msomi wa mimea akisafiri safari ndefu na ya taabu, kisha akauona mmea huu, atasahau taabu zote.

Basi, wakati huo wengi waliuona kwa michoro na majani makavu tu. Kusafirisha mmea hai kwa merikebu ilikuwa kazi ya kupoteza. Safari kutoka Mashariki ya mbali hadi Ulaya ilichukua miezi. Chumvi ya bahari iliunguza majani, maji ya kunywa yalikuwa ya mabaharia na si ya miche, na baridi ya kusini mwa Afrika ilimalizia kazi. Mwaka 1819, daktari mmoja aliyekaa Macau, jina lake John Livingstone, alikadiria kwamba katika mimea 1,000 inayotoka China, ni mmoja tu unaofika Uingereza ukiwa hai. Ndugu msikilizaji, huyu si yule Livingstone wa Ujiji.

Aliyevunja kikwazo hicho alikuwa daktari mwingine, Nathaniel Bagshaw Ward, aliyekuwa akitibu watu mashariki mwa London, karibu na bandari. Alipenda sana makangaga, lakini moshi wa makaa ya mawe ulimwulia yote. Mwaka 1829 alichukua nondo ambaye bado yumo ndani ya ganda lake, akamfukia katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika. Alikuwa akingoja nondo atoke. Kabla hajatoka, Ward aliona kwamba katika udongo ule yamechomoza majani mawili: kangaga na unyasi. Kila mchana maji yalipanda kama mvuke, yakagota kwenye kioo, na jioni yakateremka tena kwenye udongo. Chupa ilijinyeshea yenyewe. Mimea ile miwili iliishi humo karibu miaka minne bila kumwagiliwa hata tone, mpaka kifuniko kilipopata kutu na mvua ikaingia.

Ward akatengeneza masanduku ya mbao na kioo. Mwaka 1833 alipakia mawili melini, yakiwa na makangaga na nyasi za Uingereza, yakaenda Sydney, Australia. Yalifika salama. Yakajazwa mimea ya Australia na kurudishwa mwaka uliofuata, yakipita baridi kali na joto la ikweta juu ya sitaha. Mimea ikateremshwa London ikiwa mizima. Mfanyabiashara mmoja wa mimea, George Loddiges, alisema kwamba zamani katika kila mimea 20 alipoteza 19, na sasa katika kila 20 zilikuwa zikifika 19.

Hapo, msikilizaji, ndipo kioo kilipoacha kuwa mchezo wa sebuleni kikawa chombo cha dola. Robert Fortune alitumia masanduku ya Ward kutoa maelfu ya miche ya chai China na kuipeleka India, kuanzia mwaka 1848. Miti ya kwinini ilitolewa Amerika ya Kusini ikapelekwa Asia. Mwaka 1876 Henry Wickham alitoa Brazil mbegu za mpira zipatazo 70,000. Zile chache zilizoota katika bustani ya Kew huko London zilitiwa katika masanduku hayo zikaenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Baada ya miaka 40 hivi, Asia ndiyo iliyokuwa ikiuza mpira duniani, na miji ya Brazil iliyotajirika kwa mpira ikabaki na majumba matupu. Sanduku la daktari mpole lilihamisha utajiri wa mataifa mazima.

Mmea wa mtungi haukuwa na thamani ya chai wala mpira. Haukupoza homa wala kuzungusha magurudumu. Ulikuwa pambo. Lakini Uingereza ya miaka ile ilikuwa na matajiri wapya, na kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, hivyo kila mwenye nazo alijenga nyumba ya kioo yenye mabomba ya maji moto. Nyumba ile ilihitaji kitu cha kuwashangaza wageni.

Kampuni ya Veitch, yenye bustani Chelsea, London, iliona biashara. Ilipeleka watu wake Borneo na kwingineko kutafuta mimea mipya. Thomas Lobb alitangulia katika miaka ya 1840. Mwaka 1851 Mwingereza Hugh Low alipanda Mlima Kinabalu huko Borneo, na mwaka 1858 akarudi na mwenzake Spenser St John. Huko waliona mtungi mkubwa kuliko yote waliyowahi kuona, unaoweza kujaa maji zaidi ya lita 2, na ndani ya mmoja wao walikuta panya aliyezama. Mwaka 1859 Joseph Hooker wa Kew aliuita Nepenthes rajah, mfalme wa mitungi. Huko Chelsea, John Dominy alizalisha chotara wa kwanza wa mimea hii, naye akatambulishwa mwaka 1862.

Wanasayansi nao hawakulala. Mwaka 1874, mbele ya mkutano wa wanasayansi Belfast, Hooker alieleza jinsi alivyotia vipande vya ute wa yai na nyama ndani ya mitungi, na jinsi vilivyoliwa taratibu na maji yale. Mwaka uliofuata Charles Darwin akatoa kitabu kizima juu ya mimea ila-wadudu. Watu walishtuka. Walizoea kwamba mnyama hula mmea. Sasa wanaambiwa mambo yamepinduka. Bei zikapanda.

Lakini jambo moja lilikuwa limesahauliwa. Mimea hii haina kwao kumoja. Ipo ya pwani na tambarare, inayotaka joto mchana na usiku. Na ipo ya milimani, kama yule mfalme wa Kinabalu anayeota kwenye kimo cha mita 1,500 na kuendelea, ambako usiku ni baridi. Wenye nyumba za kioo walisikia neno "nchi za joto" wakadhani nchi za joto zote ni tanuri. Wakaiweka yote pamoja, wakakoka moto. Mingi ya milimani ilikufa. Ilipokufa, kilichofuata ni kuagiza mingine.

Sisi tunaokaa huku tunaweza kuelewa kosa hilo bila kufundishwa. Aliyelala Lushoto mwezi wa Julai na aliyelala Tanga usiku huohuo wametenganishwa na safari ya saa chache tu, lakini mmoja amejifunika blanketi mbili na mwingine amefungua dirisha. Na bado ramani ya Ulaya iliwapaka wote rangi moja.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, biashara ya Veitch huko Chelsea ilikuwa inafungwa, na makaa ya kupasha moto majumba ya kioo yakawa adimu. Mitindo ikahama. Mmea wa mtungi ukabaki kwenye bustani za vyuo na za serikali.

Ulirudi sebuleni katika nusu ya pili ya karne ya 20, na safari hii haukuhitaji tajiri. Kilichohitajika ni sanduku la kioo la kiasi cha tangi la samaki, taa za umeme zinazowaka kama saa 12 kwa siku, na mtu mwenye subira. Wanaoufuga wanajua masharti yake. Hewa iwe na unyevu mwingi. Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi, kwa kuwa maji ya bomba yenye madini huuchoma taratibu. Udongo usiwe na mbolea, maana mizizi iliyozoea umaskini haiwezi utajiri wa ghafla. Sanduku lisiwekwe juani, kwani kioo kilichofungwa kikipigwa na jua hugeuka chungu cha kupikia. Na wa tambarare usichanganywe na wa milimani.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa atatabasamu, kwa sababu hewa anayoilalamikia kila siku ndiyo hiyo ambayo mtu wa Chicago anaitengeneza kwa mashine na kuilipia umeme. Wa Nairobi ana usiku wa baridi upendwao na wale wa milimani, ila hewa yake ni kavu mno bila kioo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa wameinama hasa.

Sasa tufike penye uchungu. Mmea uliozaliwa ndani ya kioo hukua polepole. Kutoka mbegu hadi kutoa mitungi mikubwa ni miaka kadhaa. Asiye na subira hutafuta uliokwisha kukua, na uliokua uko mlimani. Tena mwenye tamaa ya sifa hataki ule walio nao wengine. Anataka wa nadra. Na wa nadra maana yake ni ule uliobaki mahali pamoja. Mfano ni Nepenthes clipeata, unaoota kwenye kuta za jiwe moja kubwa, Gunung Kelam, upande wa Indonesia wa Borneo, na si pengine popote duniani. Wachimbaji wameupandia kwa kamba wakaung'oa, na moto nao ukapita. Leo umehesabiwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Ndiyo kusema mmea unaweza kuwa hai katika masanduku ya watu wa mbali, na ukawa unakufa kwao.

Dunia haikukaa kimya. Mwaka 1973 ulitiwa saini Washington mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Katika miaka ya 1980 mfalme wa Kinabalu aliwekwa kwenye orodha kali kuliko zote, na mimea yote ya mitungi ikawekwa chini ya udhibiti. Lakini karatasi hailindi mlima usiku. Mwaka 2020, watu walipojifungia majumbani kwa sababu ya korona na wengi wakajitumbukiza katika kufuga maua, serikali ya Ufilipino ililazimika kuonya wananchi juu ya wizi wa mimea ya msituni, mitungi ikiwemo.

Hapa kuna habari njema pia, na haki itendeke kwa kuisema. Wataalamu wamejifunza kuikuza mimea hii katika chupa za maabara: mbegu moja inaotesha mche, mche unagawanywa, na baada ya muda kuna maelfu. Kuna bustani kubwa ya biashara hii huko Sri Lanka, nchi ambayo nayo ina mmea wake wa mtungi. Mfalme wa Kinabalu, ambaye zamani ilibidi atolewe mlimani, leo huuzwa akiwa mche aliyezaliwa chupani. Anayenunua mche wa namna hiyo hajamwibia mtu. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho la kumwuliza muuzaji: huu umezaliwa wapi? Akibabaika, mwachie.

Lakini hata hivyo nasita kusema kwamba kioo kimetuokoa. Chukua mmea uitwao Nepenthes lowii, uliopewa jina la Hugh Low yule. Mitungi yake ya juu hainasi wadudu wengi. Kifuniko chake hutoa kitu cheupe chenye utamu, na mnyama mdogo afananaye na kindi huja kukilamba, akiwa amekaa juu ya mdomo wa mtungi kama mtu aliyekaa chooni. Akimaliza, hujisaidia humo humo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni ya mmea huo uliokomaa hutokana na kinyesi hicho. Sasa, unaweza kuutia mmea huo katika sanduku la kioo na ukaishi. Lakini yule mnyama humtii, na mlima huutii. Unachokihifadhi ni mmoja wa wanandoa, na mwenzake umemwacha.

Na tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Wamalaya pekee. Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani aliyetawala upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta katika misitu ya Usambara ua dogo la zambarau, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alilichapisha kwa jina la Saintpaulia, yaani jina la familia ya ofisa huyo. Leo ua hilo linakaa madirishani na katika masanduku ya kioo duniani kote, na limezalishwa machotara maelfu. Nenda Kariakoo ukaulize ni wangapi wanajua kwamba ni la kwetu. Na misitu lilikotoka inapungua, na aina kadhaa za ua hilo zimo hatarini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kinachoelea katika ukungu wa sanduku la kioo kilikuwa na mwenyewe. Mkataba wa Rio wa mwaka 1992 ulikiri kwamba kila nchi ina haki juu ya mimea na wanyama wake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaeleza jinsi faida inavyopasa kugawanywa. Fortune na Wickham hawakuulizwa hayo. Sisi tunaweza kuuliza, mradi tujue kwanza tulicho nacho.

Nilisema tutarudi kwa Flacourt. Alichuma mtungi, mvua haikunyesha, akaona wenyeji wale wamekosea. Mimi naona hakuipa nafasi ile imani yao. Mmea ambao watoto wote wa kijiji wanaogopa kuuchuma haumalizwi na wapita njia. Kama waliotangulia walilijua hilo au hawakulijua, mmea ulibaki pale, na mpaka leo Madagaska ina mitungi yake. Katazo hilo halikugharimu hata senti, wala halikuhitaji askari wa msitu.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili, ndugu msikilizaji. Mwenye kutaka kufuga mmea wa mtungi na afuge, aununue uliozaliwa chupani, na aunyweshe maji ya mvua. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.